Kidonge Nilichokikata kwa Kisu cha Mboga

Wapendwa wa kanisani, na ninyi wenzangu wa kikundi cha dawa, nawasalimu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe. Shule niliishia darasa la tatu, maneno mazuri sina. Ninalo hili moja, na mtu wa pili anayehusika amenipa ruhusa niliseme. Jina lake sitalitaja, na ninyi mnaomjua msilitaje.

Dawa nilianza kunywa zamani, tangu mume wangu alipofariki nami nikapimwa, nikakutwa na virusi vya UKIMWI. Sikuruka hata siku moja. Saa moja asubuhi, kabla ya kushika jembe, kidonge kimoja na maji. Kliniki kule Kilosa walikuwa wakinipima damu wananiambia, bibi, virusi havionekani. Ndiyo maana mliniweka niwafundishe wageni wa kikundi. Nilikuwa mkali, najua. Aliyekosa dozi nilimsema mbele ya watu mpaka machozi yakamtoka. Mnisamehe, maana wakati nawasema ninyi, nyumbani kwangu nilikuwa nafanya baya kuliko lenu.

Mwanangu mmoja alirudi kutoka Dumila, alikokuwa akiwauzia vitunguu abiria wa mabasi. Alirudi mwembamba, shati linaning'inia. Nikamuuliza, akanijibu kwamba kule alipimwa, akapewa dawa, akanywa akaacha, akaanza tena akaacha tena. Nikamwambia twende Kilosa. Akasema hakai kwenye lile benchi watu wa huku Masanze wakimwona. Nilimgombeza, nikamwomba. Hakwenda.

Sasa ninyi wanawake mtanielewa. Mama gani anakula mwanawe akimwangalia? Tangu wanangu wakiwa wadogo, kipande cha nyama kikiwa kimoja nakikata. Basi asubuhi moja nilichukua kisu cha mboga, nikakikata kile kidonge katikati. Nusu yangu, nusu yake. Siku nikimwona amezidiwa, nampa chote, mimi nakunywa maji matupu.

Na nesi akihesabu vidonge vyangu kwenye kopo, hesabu inakaa sawa! Kila siku kimetoka kimoja. Ananisifu, nami napokea sifa.

Ndugu zangu, damu haihesabiwi kwenye kopo. Waliponipima tena, virusi vimepanda. Nesi, binti mwenye heshima zake, akaniambia, "Shikamoo bibi. Kaa kidogo tuzungumze." Akaniuliza kama nasahau dozi, kama natapika, kama nakunywa dawa za kienyeji. Nikamwambia sisahau, labda mashine yao imechoka. Wakanirudisha kila mwezi, miezi mitatu, ushauri na kuhesabu vidonge, na hesabu haikosei. Wakapima tena. Virusi bado viko juu.

Daktari akasema huenda virusi vyangu vimekuwa sugu, yaani vimeizoea dawa mpaka haiviwezi tena. Damu itapelekwa mbali, kwenye kipimo cha usugu, tungoje majibu. Tulingoja wiki nyingi. Nilikuwa nimeanza kukohoa, na kilima cha shamba langu nilikipanda kwa kupumzika mara tatu. Hata hivyo sikusema. Nilijiambia, wakinibadilishia dawa, hiyo mpya nayo nitaikata.

Majibu yakaja. Daktari akasoma, akavua miwani.

"Bibi, virusi vyako si sugu. Dawa hii inaviweza kabisa. Basi haivifikii. Vidonge vinakwenda wapi?"

Nesi akainuka akafunga mlango, akarudi akakaa karibu yangu. "Bibi, nyumbani unaishi na nani?"

Nikasema, "Naishi na mwanangu."

Nilitazama chini, nao walielewa. Kisha nikawaeleza yote, kisu, Dumila, na benchi analoliogopa.

Hawakunifokea, na ingekuwa afadhali wangenifokea. Daktari aliniambia taratibu kwamba nusu dozi haiviui virusi, inavifundisha. Vya kwangu bado havijafuzu. Vya mwanangu, aliyekuwa akinywa na kuacha tangu Dumila, alisema hawezi kujua bila kupima. Akasema, "Unadhani unamlisha. Unamharibia dawa." Nesi akaongeza kwamba kama Kilosa anaogopa macho ya watu, kliniki ipo Mikumi pia.

Kesho yake asubuhi mwanangu alikaa kwenye kigoda akingoja nusu yake. Nikakitia kidonge kizima mdomoni mwangu, nikameza akiniangalia.

"Mama, leo unaninyima?"

"Nakunyima."

"Hata njaa ya mwaka ule hukuninyima chakula."

"Hiki si chakula, baba."

Nawaambia, kumeza kile kidonge kulikuwa kugumu kuliko kuzika. Siku mbili hakunisalimia wala hakugusa ugali wangu. Siku ya tatu akavaa koti, akasema atakwenda Mikumi, ila nisijifanye ninamjua. Tukaenda. Yeye alikaa benchi la mbele, mimi la nyuma, kama mtu na mpita njia. Nilimzaa mimi yule, lakini nilikaa kimya.

Na yeye damu yake ikapelekwa kwenye kipimo. Virusi vyake vilikuwa sugu. Dawa ninayokunywa mimi kwake haifanyi kazi. Wamempa nyingine, vidonge vingi zaidi, na daktari hakumficha kwamba akizichezea na hizo, zilizobaki ni chache. Sehemu ya usugu ule ilitoka Dumila. Sehemu ilitoka kwenye kisu changu, na hiyo nitaibeba.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule nesi aliyefunga mlango kabla ya kuniuliza, na daktari aliyeniambia ukweli bila kunidharau. Nawashukuru ninyi mlioniletea kuni na maji nilipolala kitandani kwa kile kikohozi, wakati hata sikuwaambia naumwa nini. Sasa virusi vyangu havionekani tena. Vya mwanangu, walipompima mara ya mwisho, vimeshuka hadi havionekani.

Ninaloliacha kwenu ni fupi. Ukimpenda mtu, usimgawie kidonge chako. Mshike mkono umpeleke akapate chake. Na nesi akikuuliza, sema, hata kama kopo linakutetea.

Mwezi uliopita ilikuwa siku yangu Kilosa. Nimekaa kwenye benchi, limejaa watu wa huku kwetu, na wengine wenu mlikuwepo. Mwanangu akaingia. Mimi nikatazama pembeni kama alivyonifundisha kule Mikumi. Akaja mpaka mbele yangu, akainama, akasema kwa sauti wote wakasikia, "Shikamoo, mama."

Nikamwitikia marahaba, nikasogea akakaa.