Pumzi Yangu na Kibanio cha Daktari Lubna

Nina miaka sabini na tisa, na anayetaka kunipunguzia mmoja tutagombana baadaye. Nimewazika wapiga zumari wanne walionifunza, punda kumi na mmoja, na daktari aliyenikataza kuchoma chokaa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu wa dini, Bwana Athman mwenye nyumba hii ya Mkomani, mabibi na mabwana mliokuja kumpongeza binti yake, Daktari Lubna, kwa shahada ya uzamivu: asalaam aleikum. Mimi nijualo kuandika ni jina langu, Hamdu, tena polepole. Lakini kitabu cha shahada hiyo, ukikifunua ndani, nimo.

Nani Siyu hajui pumzi yangu? Miaka hamsini nilichoma chokaa mchana, na jioni nikapuliza zumari harusini bila kukata sauti. Mpiga zumari huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakisukuma nyingine nje. Basi Lubna alipokuja na mashine kuwapima wachoma chokaa pumzi, akataka kunibana pua na kibanio. Nikakataa, mimi si nguo ya kuanikwa. Nikapuliza, nikapuliza, mpaka akaigonga mashine akidhani imeharibika.

"Babu, pumzi hii yatoka wapi?"

"Yatoka Siyu."

Wenzangu wakacheka, nikaondoka kifua mbele. Hawakujua kwamba mwaka wa pili huo nalala nimekaa, na kwamba ndia ya msikitini naipumzikia mara tano.

Siku ile alichukua pia makohozi yetu. Yangu nilimpa kwa wingi, sina uchoyo. Baada ya miezi akarudi, kaja kwa miguu hadi mlangoni pangu. Akanieleza kuwa mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, na kila kifuko kimezungushiwa mishipa ya damu kama wavu. Mwili hutoa protini ya kuiotesha mishipa hiyo na kuilinda. Ikipungua mno mapafuni, mishipa hufa, na vifuko navyo hubomoka. Katika makohozi yangu aliikuta kidogo kuliko katika ya wenzangu wote.

"Babu, mashine yakusifu, makohozi yakukana. Kipimo hiki ni cha utafiti, hakitoshi kusema u mgonjwa. Lakini kimenitia shaka. Nikubane?"

Je, waungwana, ningefanyaje? Nikibanwa, sifa za miaka hamsini zaisha. Nisipobanwa, naisha mimi. Nikamletea pua.

Mashine ikatoa pumzi ya nusu mtu. Picha ya kifua ikasema vivyo hivyo.

Leo nina dawa ya kuvuta, na tanuri nimeliacha. Kupona sikupona, mapafu yaliyobomoka hayajengwi upya. Lakini nalala chali kama sultani, na ngazi za nyumba hii nimezipanda kwa kupumzika mara moja tu, tena kwa adabu, kumpisha bibi mmoja. Lubna mwanangu, wengi wamesoma vitabu. Wewe umenisoma mimi niliyekuwa nimejifunga.

Anayesema naongeza chumvi amuulize Bi Raihana, muuguzi aliyenishika kichwa nikibanwa. Amuulize mke wangu, Bi Radhiya, aliyekuwa akiamka kusikiliza kama bado napumua, na sasa alalamika kuwa nakoroma. Bwana Famau, mchoma chokaa mwenzangu, msimuulize; yeye pua yake hajaitoa bado, na kesho nampeleka mwenyewe. Ahsanteni nyote kwa kunipa masikio yenu.