Mzee Asukile na Sahani za Marehemu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuendesha gari la maiti la hospitali yetu, Mzee Asukile Mwaipopo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kwa utani wa hapa kazini, ndiye dereva pekee jijini Mbeya ambaye hajawahi kulalamikiwa na abiria.

Alianza kazi akiwa kijana mwembamba wa Ilomba. Amefika Makongolosi kwa wachimbaji, amefika Mlandege kule Iringa, na bondeni Usangu anajulikana kuliko bwana mifugo. Aliongea na abiria wake njia nzima, na kila penye tuta alimwomba radhi kabla ya kuliruka. Sisi wa chumba cha maiti tulimcheka, naye akatujibu kwamba kutojibiwa hakumwondolei mtu wajibu wa kusalimia.

Jambo jingine alilojulikana nalo ni kula. Msibani, dereva aliyeleta mwili haachwi aondoke na njaa, na karibu kila alikofika alitengewa sahani kwa maneno yaleyale: hiki ndicho marehemu alichokipenda. Makongolosi ilikuwa mbuzi wa kukaanga. Mlandege ilikuwa nguruwe aliyeelea kwenye mafuta yake, chumvi ya kuongeza pembeni. Usangu, kwa wafugaji, ugali na nyama ya ng'ombe iliyomwagiwa samli. Alikula zote, akisema anammalizia marehemu. Kijana mwembamba akawa baba mwenye kitambi, nasi tukamsifu kwamba kazi imemkubali.

Kisha ikaja harufu. Akiwa njiani, bado yuko mbali na nyumba ya msiba, alianza kusikia harufu ya chakula ikitoka nyuma, kwenye jeneza. Akifika, anakuta sahani ni ileile. Alitusimulia akicheka, nasi tukacheka, ingawa Kasian, muosha magari wetu, tangu hapo alikataa kuliosha lile peke yake. Siku moja Mzee akirudi kutoka Chunya na gari tupu, harufu ya samli ikamjaa puani, kifua kikabana na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Aliegesha pembeni akitokwa jasho kwenye baridi ya milima ya Kawetere. Aliamini marehemu wamekuja kudai chakula chao.

Wiki nzima akazunguka kwenye maombi, mfanyakazi wa hospitali asiyetaka kuingia hospitali! Mkewe alipomburuta hadi kliniki ya moyo, Sista Gloria alimpima presha, akapima tena, kisha akamuuliza anakula nini. Mzee akajitetea kwamba nyumbani hula kidogo tu, hushiba misibani, kwa vile walivyovipenda marehemu.

Sista akaiweka kalamu chini. "Baba," akasema, "kilichowaharibia moyo abiria wako umekila chote, sahani kwa sahani."

Alimfafanulia kwamba sahani moja haiui mtu, na kwamba sigara, umri na damu ya ukoo navyo vina mkono wake. Lakini mafuta ya wanyama yakizidi kwa miaka, lehemu, yaani kolesteroli, hujijenga kwenye mishipa ya moyo na njia ya damu hubana, na chumvi hupandisha presha bila kubisha hodi. Akampa dawa, akamtaka ale maharage, mboga, samaki na matunda, nyama iwe kidogo isiyo na mafuta, na atembee kila siku.

Nyumbani hilo lilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa msibani, maana kukataa sahani ya wafiwa ni kama kusema nyumba yao ina sumu. Mtihani ulimkuta Usangu, kwa marehemu Nkuba, mfugaji aliyeanguka ghafla zizini. Harufu ya samli ilimsindikiza Mzee tangu Mbeya. Mjane, Mama Minza, alimtengea kwa mikono yake mwenyewe. Ngolo, mdogo wa marehemu, alikaa mbele yake akila, huku akiusugua mkono wake wa kushoto. Mzee hakugusa tonge, alimtazama Ngolo tu.

"Dereva, mbona unaniangalia mimi?" Ngolo akauliza.

"Harufu ya sahani hii nimetoka nayo Mbeya, mdogo wangu. Sitaki nije niisikie tena kwa ajili yako."

Wazee walikasirika, mmoja akamwita mchawi, naye Mzee akaondoka bila kusindikizwa. Wiki iliyofuata Mama Minza alimleta shemeji yake kliniki. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya Mzee. Ngolo yu hai, ng'ombe wake bado anawachunga, na nyumba ile haijatuita tena.

Mzee Asukile sasa anakuja kazini kwa miguu na suruali zimempwaya, tunafurahi kumwona hivyo. Harufu, anasema, haijaisha. Mwezi uliopita alikuwa akimwonyesha njia Jailos, dereva anayempokea kazi, mtu mzima mwenye watoto wanne. Gari lilikuwa tupu. Ghafla Mzee akamuuliza amekula nini, Jailos akajibu bado hajala kitu tangu asubuhi. Mzee akageuza gari bila neno, akampeleka moja kwa moja kwa Sista Gloria. Jailos ameanza dawa za presha.

Asante, Mzee wetu, kwa kuwafikisha watu nyumbani kwa heshima, na kwa kuwakatalia wengine safari. Tunakutakia mapumziko mema, meza yenye mboga na moyo wenye nguvu. Na gari hili likionekana Ilomba, liwe limekuja kukusalimia tu.