Pétronille Anakata Maneno

Benchi la pale Masisi liliegemea ukuta wa chumba cha fundi cherehani Nzabandora, chini kidogo ya shule ya masista, na aliyeketi hapo alimwona kila anayepanda na kila anayeshuka. Pembeni, Mama Thacienne aliuza kahawa kutoka birika lililoungua hadi likasahau rangi yake. Miaka ile, vita vya Wazungu vikiwa vimekwisha, watu wa benchi walikuwa wachache na wote wabishi. Fundi mwenyewe walimwita Amina, kwa kuwa ndiye aliyeimbisha misa ya Jumapili na amina yake ilikuwa ndefu hata watoto walilala kabla haijaisha. Kanyamibwa, tarishi wa mahakama, aliitwa Tribinali. Hubert, mpakiaji wa gari la mizigo la kwenda Walikale na Hombo, aliitwa Moteri, maana akianza kusema hazimiki. Asubuhi moja binti wa Amina, Pétronille, alikuwa huko juu shuleni mbele ya enspekta, mkaguzi wa shule, akifanya mtihani wa kuwa monitrice, mwalimu wa wasichana. Alikuwa ameanguka mara moja, na masista walikwisha sema hakuna mara ya tatu. Akianguka tena ni jembe na maharage, na wajomba zake walikuwa wakilingoja neno hilo kwa hamu. Amina alikuwa na roho juu. Mguu ulikanyaga cherehani, mdomo ukaimba kwa sauti wimbo mmoja tu tangu jua lichomoze: miserere nobis, miserere nobis.

— Amina, simamisha iyo mashine, — alisema Tribinali. — Umeshona mukono ya shati ku shingo.

Amina akatazama. Kweli, mkono ulikuwa shingoni.

— Nitafanya je? Leo njo wanamuuliza maneno. Wanamupa neno ya Kifaransa, anaikata vipande-vipande, kisha anasema ilizaliwa na nani.

— Neno inazaliwaka? — aliuliza Moteri.

— Inazaliwa. Masista wanasema Kifaransa iko mutoto wa Kilatini.

Tribinali akaweka kikombe chini, kama afanyavyo kila anapotaka kuwa hakimu.

— Basi iko mupesi. Kukata neno iko sawa kugawa ngombe ya karamu. Kichwa iko ya nani, kifua iko ya nani, mukia iko ya nani. Ukimupa mujomba mukia, kesi. Enspekta anataka kuona kama mutoto anajua heshima.

— Wewe unawaza nyama tu, — alisema Moteri. — Sikia mimi. Ku Hombo niliambiwa na dereva moja, muntu wa kusoma: Kilatini ilishakufa.

— Ilikufa na nini?

— Haikusemwa. Lakini ikiwa mama alikufa, Kifaransa iko yatima. Sasa mama yake inaimbwa wapi kila Siku ya Mungu? Hapa! Na Amina! Sisi njo tunalinda jamaa ya marehemu. Enspekta anatafuta ukoo, Tribinali. Anatafuta nani alilea yatima, ili Wazungu walipe ngombe.

— Ngombe watapita wapi, wote hao?

— Ku barabara ya Walikale. Ntawapakia mimi.

Hata Mama Thacienne akacheka, naye si mtu wa kucheka asubuhi. Lakini Amina hakucheka. Alikuwa na jambo lililomkaba tangu jana jioni, na sasa likamtoka lenyewe.

— Mimi njo nilimufundisha kukata.

Benchi lote likamgeukia.

— Wewe? — alisema Tribinali. — Kifaransa yako inaishia ku bonjour.

— Aliniomba. Nilimufundisha na mikono, sawa ku kwaya. Kila pahali sauti inapanda, unapiga kofi. Sawa hivi: Glo-o-o-o-o-o-ria.

Akapiga makofi kuonyesha. Tribinali akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha, gloria bado inapanda mlima.

— Amina! Iyo si kukata, iyo ni kusaga!

— Neno itabaki unga, — alisema Moteri.

— Mumuache, — alisema Mama Thacienne. — Mutoto iko na akili kupita baba yake. Kunywa kahawa, Papa Amina.

Amina akanywa bila kuonja. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona woga. Alikuwa amebishana na ukoo mzima ili msichana huyu abaki shuleni, na leo ndiye atakayekuwa amemwangusha, kwa mikono yake mwenyewe na kwa sauti yake aliyojivunia kupita kiasi. Akaanza tena: miserere nobis.

Hapo ndipo mgeni alipotua kapu lake la asali karibu na benchi. Alikuwa ametoka Ntoto, kule msituni, na miguu yake ilikuwa na matope ya njia nzima. Akamsalimu kila mtu kwa mkono, akasema anaitwa Benoît, au ataitwa hivyo Pasaka, maana bado hajabatizwa. Akapewa kahawa. Akasikiliza wimbo kwa makini hadi fundi alipopumzika.

— Papa, samahani. Iyo unaimba, katekista wetu alinipa niishike ku kichwa. Nimeishika. Inasema nini?

— Nini?

— Miserere nobis. Mbele ya kunimwangia maji ya ubatizo, napenda nijue ninaomba kitu gani.

Amina akafungua mdomo. Aliimba maneno yale tangu akiwa mtoto, aliyaimbisha kanisa zima, na mdomo ukabaki wazi hivyo hivyo.

— Inasema... inasema vile inasema, — alisaidia Tribinali.

— Iko jina ya mutakatifu, — alisema Moteri. — Mutakatifu Nobis. Wa Roma.

— Na Miserere?

— Bibi yake.

Benoît akawatazama mmoja mmoja kwa adabu, akingoja. Tribinali aligundua ghafla kwamba kikombe chake kina ufa.

— Njo ule anashuka, — alisema Mama Thacienne.

Pétronille alikuwa akiteremka polepole, viatu mkononi kwa ajili ya utelezi, kichwa kimeinama. Amina akasimama. Msichana alipofika kwenye cherehani aliinua uso, nao ulikuwa umelowa machozi na unacheka.

— Papa, nimepita.

Kelele iliyotoka kwenye benchi iliwatoa watu madukani. Moteri alicheza peke yake barabarani. Amina alimshika binti yake mabega yote mawili, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo alioubeba tangu mbali.

— Na makofi? Hukupiga makofi?

— Nilipiga moja, Papa. Walinipa montagne, mulima. Niliogopa, mukono ikapiga yenyewe, nikakukumbuka na Gloria yako. Nikacheka ndani ya roho, na woga ikaisha. Nikakata vile masista walitufundisha: mon-ta-gne.

— Kisha?

— Kisha wakanipa misère, taabu. Mi-sè-re. Enspekta akauliza ilitoka wapi ku Kilatini. Nikasema ilitoka ku miseria. Akauliza kama ninajua ndugu yake ingine. Na dirisha ilikuwa wazi, Papa. Nilikuwa ninakusikia mupaka kule juu. Nikamuambia: miserere. Enspekta akafunga kitabu.

Benoît alikuwa bado ameshika kikombe chake.

— Dada, — alisema taratibu, — iyo miserere nobis, inasema nini?

— Inasema utuhurumie.

Moteri akamtafuta Mutakatifu Nobis angani, hakumwona. Mama Thacienne aliinamisha birika kumpa msichana kahawa ya mwisho, na baada yake halikutoka hata tone.

Amina akaketi. Akalichukua lile shati lenye mkono shingoni, akajifuta macho nalo.

— Kumbe, — alisema, — asubuhi yote nilikuwa ninaomba ile kitu yenyewe.

— Na umepewa, — alisema Benoît.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Wote wakamngoja, maana walimjua, na Tribinali akaegemea ukuta ajiandae kwa safari ndefu.

— Amina, — alisema Nzabandora, fupi kabisa.