Bi Kipimo na Namba Mbili za Mlango wa Stoo

Ijumaa hii, saa za kazi zikiisha, Bi Kipimo atarudisha funguo za stoo ya uwanja na kustaafu baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na miwili, mfagiaji wa majukwaa. Anaondoka akiwa msimamizi wa vifaa vyote. Katikati ya hapo alikuwa, na mpaka ninapoandika haya bado ndiye, mwanamke mwenye rekodi ya taifa ya mita mia nne kuruka viunzi.

Hilo la mwisho wengi wetu hatukulijua. Mimi nilifanya kazi naye miezi minane sina habari. Nilichokiona ni namba mbili upande wa ndani wa mlango wa stoo, zimeandikwa kwa rangi nyeupe ya kuchorea mistari ya uwanja: 57.31, iliyokatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake 57.08. Tarishi alidai ni vipimo vya pazia ambalo ofisi haikununua. Mlinzi alishikilia kuwa ni uzito wa Bi Kipimo kabla na baada ya kuacha sukari, akatuomba sana tusimtaje. Nilipomuuliza mwenyewe, aliniambia nipange viunzi kwanza. Nikapanga. Kesho yake nikauliza tena, nikaambiwa magodoro nayo hayajipangi.

Kitu kingine kilichonisumbua ni kile kijiti chake. Kila mtu hapa anakijua, maana ndicho kilichompa jina: kijiti cha mbao chenye alama nne za vimo vya viunzi, kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Viunzi vyetu vya sasa vikifika kwenye kimo kinachotakiwa hulia ka! na kujifunga vyenyewe. Bi Kipimo huusikia mlio huo, kisha hupima vilevile, kimoja kimoja, mvua ikinyesha au jua likichoma. Nilidhani ni mazoea tu ya mtu mzima.

Siku aliyonieleza, mwanangu alikuwa amelala kwenye godoro la kuruka juu, kwa sababu anayemlea aliugua na mimi sikuwa na pa kumwacha. Nilitegemea kufukuzwa. Bi Kipimo alimtazama, akasema huyo ndiye mrukaji wa kwanza kulitumia godoro hilo bila kulichafua, akanivutia kiti.

Basi, ilikuwa hivi. Zamani zile kocha wa timu ya taifa alimwona mfagiaji akivuka mabenchi ya jukwaani badala ya kuyazunguka, ndoo ya maji mkononi, na maji hayamwagiki. Akamshusha uwanjani siku hiyohiyo. Tangu hapo Bi Kipimo alifanya mazoezi alfajiri na kuanza kufagia saa mbili, na akichelewa aligombezwa kama mfagiaji mwingine yeyote. Baada ya miaka mitatu, kwenye mashindano ya taifa, alimaliza kwa sekunde 57.31. Rekodi mpya. Watu walishuka majukwaani, wapiga picha wakamzonga, kocha akapoteza kofia yake na haijaonekana mpaka leo.

Yeye akawapenya wote, akarudi kinyume kwenye njia namba sita mpaka kiunzi cha nane.

Alinieleza kwamba alipokiruka alihisi kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakuta kidato kimoja kimepungua. Viunzi vya siku hizo vilishikwa kwa pini na matundu. Pini ya kiunzi cha nane ilikuwa kwenye tundu la watoto wa shule. Hakuna mwingine aliyeona. Angeweza kuichomoa na kuipandisha pale pale, au kwenda zake nyumbani. Alimwita mwamuzi akamwonyesha. Jioni rekodi ikafutwa.

Kocha alimnunia siku tisa. Msimamizi wa stoo wa wakati huo, ambaye pini ile ilikuwa kazi yake, alimtangaza uwanja mzima kuwa mtu wa kwanza kujishtaki mwenyewe na akashinda kesi. Siku ya kumi kocha alikuja na kijiti, alama zimechongwa kwa kisu, akakiweka juu ya ndoo ya Bi Kipimo, akaenda zake. Miaka miwili baadaye Bi Kipimo alipima viunzi vyake vyote kumi kabla ya mbio, akakimbia 57.08. Kocha yule ndiye babu wa wajukuu wake watano, na bado hajui kuomba msamaha kwa mdomo.

Miaka thelathini na mitatu imepita na rekodi haijaguswa. Sasa yupo binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, aliyekimbia 57.12 mwezi uliopita. Mashindano ya taifa ni Jumamosi, siku moja baada ya Bi Kipimo kustaafu. Ofisi ilitaka kumwongezea siku hiyo moja. Alikataa. Alisema barua ya kustaafu inasema Ijumaa, na kwamba si vizuri mwenye rekodi awe ndiye anayepanga viunzi vya anayeifukuzia. Tulimuuliza kama itamuuma ikivunjwa. Alijibu itamuuma ikivunjwa vibaya.

Kwa hiyo viunzi vya Jumamosi nitavipanga mimi, na Jumatano alinijaribu. Aliniambia kati ya viunzi themanini vilivyopangwa amekishusha kimoja, nikitafute. Mwanangu anaota meno, nilikuwa sijalala vizuri kwa siku tatu. Nilipima vyote themanini, sikukiona. Akasema rudia. Nikarudia, mgongo unawaka. Akaniuliza mara ya mwisho kama nina hakika, maana amekishusha kwa mkono wake. Nilimwambia, kwa heshima zote mama, hujashusha kitu, viko sawa vyote, na sitapima tena.

Akacheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amekigusa hata kimoja. Kisha akanipa kijiti.

Bi Kipimo, tunakushukuru kwa kazi ya mikono yako, na kwa godoro lile. Jumamosi kaa jukwaani na wajukuu, usihesabu hatua za mtu, tutahesabu sisi. Tumeona umepangusa mlango chini ya zile namba mbili na kuacha kopo la rangi karibu. Hatujui kama namba ya tatu itaandikwa wiki hii. Tunachojua ni kwamba ikiandikwa, haitakatwa. Nenda kapumzike mama yetu, uishi vizuri, na siku zako zote ziwe za furaha.