Posa ya Ndege wa Clemence

Kijiwe chetu kipo chini ya soko la Lushoto: benchi moja, birika moja la kahawa, na washauri wasioombwa. Asubuhi hii tulikuwa na kesi ya Clemence. Ana kipande chembamba cha miti kinachounganisha misitu miwili, na lori la mnunuzi wa mbao lilikuwa njiani kutoka Mombo. Watafiti wamemsihi asikate. Katika mmoja wa misitu hiyo madume wa ndege hukusanyika kuwachezea majike ngoma. Wamepimwa vinasaba kwa manyoya yao, wakakutwa karibu wote ni ndugu.

— Kama ni ndugu, wanashindania nini? — akauliza Danieli, tunayemwita Profesa kwa sababu aliishia darasa la saba.

— Madume ishirini wanacheza, majike wanamchagua mmoja, — akasema Clemence.

— Basi kumi na tisa ni wapambe wa kaka yao. Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana hawaruki juu.

Nilimwambia methali hiyo haina kazi hapo. Akanijibu methali ni ya mwenye mdomo.

— Wapambe wa bure hawapo, — akasema Martin, Diwani wetu, aliyeshindwa udiwani mara tatu. — Hao wanalipwa posho na watafiti. Ya mtama.

— Shida si ngoma, — akasema Clemence. — Majike wageni wanapitia kwenye miti yangu. Nikikata nipande kabichi, wataoana kaka na dada, kizazi kidhoofike.

— Si waruke juu ya kabichi?

— Penye uwazi hawavuki, Profesa. Wanaogopa mwewe.

— Ndege anaogopa hewa. Mwenda pole hajikwai.

Rehema, mwalimu mgeni kutoka Tanga, alikuwa amefuata kahawa.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani baba zangu. Hapa mtu akija kuposa, mnauliza nini kwanza?

— Ukoo, — tukajibu wote, vifua mbele.

— Mimi nilirudisha posa kwa sababu binti yangu na kijana walichangia bibi mmoja tu, — akaongeza Profesa.

— Na kijana akikuta kijiji kizima ni ndugu zake?

— Anakwenda mbali, — akasema Diwani. — Clemence mkewe kamtoa Bulwa.

— Na njia ya Bulwa ingekuwa imefungwa?

 

Clemence akasimama.

— Lori likifika, semeni nimekwenda ukweni.

Nikamwambia kijiwe hakitumwi uongo. Kama hauzi, ampigie mwenye lori mwenyewe, sasa hivi, tukisikia.

Akapiga.