Nirupama Biswas na Mkono wa Kisimani

Baba Padri, ndugu, majirani, nanyi wageni mliotoka Kumirdaha kwa basi la asubuhi, familia imeombwa kuwasomea maisha ya marehemu, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda maneno ya kupambwa, yatasomwa kama yalivyokuwa.

Marehemu Elizabeti Nirupama Biswas alizaliwa hapa Krishnanagar tarehe 9 Februari 1951, mtoto wa pili wa mzee Jogen Sarkar, mchora vibao vya maduka, na mama Kadambini, akabatizwa baada ya wiki tatu, na waliokuwapo walisema alipiga kelele hadi sauti ya padri ikamezwa.

Alianza masomo Januari 1957 katika shule ya wasichana ya misheni, akamaliza darasa la kumi mwaka 1967, hesabu alifeli, kuchora alikuwa wa kwanza, na kupiga soga darasani alikuwa wa kwanza pia, ingawa hilo halikuandikwa kwenye cheti.

Alishika brashi ya baba yake, akachora vibao vya vinyozi na mafundi cherehani, hadi tarehe 6 Februari 1974 alipofunga ndoa na bwana Sudhangshu Biswas, mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji, mtu mpole, ambaye shemeji zake walipomuuliza kama ameshaisikia sauti ya bibi harusi alijibu, "Nimeisikia, ndiyo maana nimekuja," nao wakajaliwa watoto wawili, Subimal, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1976, na Sreelekha, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1979.

Mwaka 1988 yeye na wenzake wanne walifungua karakana ya Ek Pata, yaani Karatasi Moja, wakichora picha za kuwaeleza wasiojua kusoma mambo ya chanjo, uzazi na maji, na desturi yao ilikuwa kukaa mkekani wote watano kuzunguka karatasi moja, mwenye penseli achore bila kutamka neno, wengine wanne wamkosoe watakavyo, ndiyo maana mzee Sudhangshu hakukosa kupita pale kila alasiri, akamwone mke wake amenyamaza.

Mei 1997 idara ya maji iliwapa kazi ya vibao vya kuwazuia watu kunywa kwenye visima vya pampu vilivyokutwa na sumu itokayo ardhini, ile isiyo na rangi wala harufu, inayoanza na madoa viganjani na kumalizia kaburini, na zamu ya Nirupama ilipofika akachora kiganja kilichoinuliwa, kama cha askari anayesimamisha magari, wote watano wakasema safi kabisa, na hapo ndipo walipokosea, maana wote watano walikuwa watu wa mjini na hakuna aliyekwenda kuwauliza wanaokunywa.

Tarehe 12 Juni alikwenda kijiji cha Kumirdaha kujionea, akakuta kisima safi hakina mtu na kile cha sumu kina foleni hadi barabarani, kiganja chake kimepakwa unga mwekundu wa ibada na kuvishwa shada la maua ya manjano, na mama mmoja, Pushpa Haldar, akamwambia, "Rudi nyuma, dada wa mjini, usituvurugie foleni, huu ni mkono wa Mama mwenyewe, anatuambia tusiogope," na ni kweli, sanamu za miungu yao, akiwamo huyo Mama, mungu wao wa kike, huinua kiganja vivyo hivyo zinapobariki, na Nirupama alikuwa amepita mbele ya sanamu hizo maisha yake yote.

Akasema, "Mkono huo ni wangu, na maji hayo yana sumu," Pushpa akamtazama juu hadi chini, akajibu, "Kumbe Mama ana mikono myembamba hivi?", foleni nzima ikaangua kicheko, huku Malati, binti wa Pushpa wa miaka sita, ameinama pale pale anakunywa.

Bwana mkubwa wa idara, alipoelezwa, alisema, "Mama Biswas, kibao kimepita vikao vitatu, wanakijiji ndio waelimishwe," naye akamjibu, "Basi vikao vyako vikanywe kwanza," na wenzake walipohofia kunyang'anywa kazi hakubishana nao, alichukua nyundo akapanda basi, na kufika Kumirdaha akawakuta wote wanne nyuma yake, kila mmoja na nyundo yake, wakaving'oa vibao vyote arobaini vya eneo lile.

Kisha karatasi ikatandikwa uani kwa Pushpa mbele ya akina mama kumi na wawili, wao wakaikataa penseli, wakaleta unga wa mchele uliolowekwa wanaochorea nyua zao siku za sherehe, wakabishana mchana kutwa, fuvu likakataliwa kwa kuwa ni la dawa ya panya, rangi nyekundu ikakataliwa, "Nyekundu ni ya bibi harusi, shoga, unataka tukioze kisima?", hadi Pushpa alipochora mtungi uliopinduliwa, mdomo chini, na Malati, aliyekuwa akicheza nje na hajasikia neno, alipoitwa na kuulizwa akasema, "Hapa hapachotwi."

Idara iliukubali mtungi Septemba mwaka ule, na vibao vikapigwa chapa vikiwa na majina kumi na mawili ya akina mama wale, la Nirupama halimo, kwa amri yake mwenyewe.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2021, akatibiwa kwa muda mrefu, na Oktoba hii Pushpa alimtembelea wodini, akamwambia, "Vibao tumeshavipaka rangi upya mara tatu, na mtungi tumeunenepesha, tena hatukukuomba ruhusa," marehemu akacheka hadi muuguzi akaja mbio, akasema, "Mngeniomba ningekasirika," na tarehe 3 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na miaka sabini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika, wenzake wa Ek Pata, na akina mama wa Kumirdaha, ambao tisa kati ya kumi na wawili wako hapa, wazima, pamoja na mwalimu Malati aliyesimama pale mlangoni na mtoto mgongoni.

Pumzika, Nirupama, amani unayo, na visima wanavyo wenyewe.