Ngozi Yenye Alama ya Mume Wangu

Ngozi ya ng'ombe ya kwanza niliyoikausha vizuri ilikuwa na alama ya moto ya mifugo ya mume wangu, na sijaiuza mpaka leo. Asalaam aleikum, dada zangu. Mmebishana kama chama chetu kinunue televisheni, na wengine mmesema ni kitu cha wavivu. Wacha niwaambie yaliyonipata, kisha mtaamua.

Wakati wa vita vya Shifta, serikali ilitukusanya kambini Garbatulla. Wazee wanauita wakati ule daaba, yaani kusimamishwa, kwa sababu mifugo haikuruhusiwa kwenda malishoni. Ng'ombe walimaliza majani ya karibu, wakaanza kulala wasiamke. Asubuhi moja tukasikia ngamia wetu wameonekana ng'ambo ya mpaka wa kambi, tulikokatazwa kwenda. Mume wangu akafunga kikoi chake. "Weka chai, mama watoto. Narudi kabla haijapoa."

Chai ilipoa. Sikuweza kukaa eda, kwa maana hakuna aliyeuona mwili. Kukaa nikimngoja pia sikuweza, kwa maana watoto walikuwa na njaa. Kitu pekee tulichokuwa nacho kwa wingi ni ngozi za wanyama waliokufa. Tulizikausha chini kama mama zetu walivyofanya, mchwa wakazila. Mnunuzi kutoka mjini aliinua moja akaitazama juani. "Mama, hii ni chekeche."

Kisha binti yangu akaugua, nikapewa kibali nimpeleke hospitali Nairobi. Mtaani kwa shangazi palikuwa na ukumbi wenye televisheni. Jioni moja, baada ya kutoka wodini, nilisimama nyuma ya watu. Mtu mmoja ndani ya kile kisanduku alikuwa anawamba ngozi kwenye fremu ya miti, kivulini, akieleza kwa Kiswahili chepesi. Nikajisahau, nikauliza kwa sauti, "Na mchwa je?"

Watu wakacheka. Muuza karanga akanigeukia. "Mama, huyo hasikii. Angesikia, mimi ningekuwa nimeshamwomba kazi."

Lakini yule mtu akaisimamisha fremu, tukaona ngozi haigusi udongo. Baadaye wakamwonyesha mwanamke mwenye leso kichwani, mbele ya stoo yake mwenyewe. Mnunuzi alimtajia bei, yule mwanamke akasema hapana, na mnunuzi hakuondoka. Dada zangu, nawaambia, sikuwa nimewahi kuona jambo hilo.

Binti yangu akapona, tukarudi kambini. Wiki ileile ng'ombe wa mwisho wa mume wangu akafa. Nikakata miti ya fremu ya kuwambia ngozi yake. Mama mkwe akanishika mkono.

"Ukiiuza hiyo, umesema mwanangu hayuko."

"Mama, nisipouza kitu, wajukuu wako nao hawatakuwepo."

Akaniachia mkono, akashika upande wa pili wa ngozi, akavuta. "Hii ibaki," akasema. "Zitakazofuata, uza."

Nikaenda kwa majirani, kila aliyefiwa na mnyama nikamwambia, "Niletee ngozi niiwambe, pesa tutagawana." Tulifanya kazi huku tukilia, kwa maana kila alama tuliijua ni ya nani. Mnunuzi aliporudi, alizigonga kwa vidole, zikalia kama ngoma. "Nani amekufundisha?"

"Mtu asiyenisikia," nikamjibu. Alipotaja bei, nikasema hapana. Hakuondoka.

Namshukuru mama mkwe, Mungu amrehemu. Namshukuru shangazi, na majirani walioniamini wakanipa ngozi zao. Televisheni haikunipa miti wala ngozi. Ilinionyesha mikono ya kuiga na mwanamke wa kufanana naye. Inunueni basi, lakini ikizimwa, mtu atoke akakate miti.

Ile ngozi iko ukutani katika stoo yangu hapa Bulla Pesa. Wanunuzi wakiiulizia, nawaambia ina mwenyewe. Kambi ilipofunguliwa, ngamia wetu wawili walirudi peke yao. Yeye, mpaka leo, hakuna aliyeniambia alikoishia.